Wimbo Usioimbwa Mtu Akiwa Mtoni

Barabara ya Chitpur ilivuma kwa tramu na kelele za wauza ndimu, na katika duka moja la ala fundi alikuwa akigonga vinanda. Jharna, sari ya pamba ya manjano begani, alijaribu kinanda kimoja huku akivumisha wimbo wa kwao mtoni.

"Dada, hebu rudia hapo mwisho," alisema kijana mwenye kanzu fupi nyeupe.

"Kwani wewe fundi au mpelelezi?"

"Mtunzi. Hapo sauti imeteleza kama kasia majini."

Jharna akacheka, akarudia. Ndivyo alivyomjua Prodyut. Akampenda, lakini wimbo ule ni wa nini, hakumwambia.

Prodyut alizoea kusema nyimbo za mjini zimesomeshwa mno, zina adabu mpaka zimesahau kulia. Damu ya nyimbo, alisema, iko mtoni. Jioni moja ya joto kali akampigia Jharna simu kwenye duka la dawa chini ya nyumba yao.

"Malkia wangu, sikiliza redio saa moja. Ule wimbo wako wa dukani nimeuvika maneno ya mapenzi. Naimba moja kwa moja!"

Jharna akatazama nje. Kwao, wanawake humwombolezea aliyezama kwa wimbo ule. Mtu wa nyumbani akiwa majini, hakuna anayethubutu hata kuuvumisha. Ni kumzika angali hai. Siku ile ya dukani kaka yake Nimai alikuwa nyumbani kitandani na homa, si majini. Leo alikuwa mtoni na shehena ya vyungu, na mbingu imekuwa nyeusi kama masizi.

Akamweleza yote.

"Jharna, wapiga ala wameshaketi! Hizi ni imani za..."

"Za washamba? Malizia! Wimbo wetu mtamu, hofu yetu ushamba, siyo?"

Upepo ukabamiza mlango wa duka.

"Nisamehe, mpenzi," alisema Prodyut taratibu. "Siuimbi. Lakini wananiita sasa hivi. Niimbe nini?"

Jharna akakumbuka wimbo mwingine, ambao mama yake huimba gatini kumwita mtu arudi nyumbani. Akauimba ndani ya simu, mwenye duka akimkodolea macho.

"Tena," alisema Prodyut.

Akarudia. Simu ikakatika.

Saa moja Jharna aliinama kwenye redio ya duka, ameuma pindo la sari. Prodyut alianza kisomi, kwa madaha. Kisha sauti ikateleza, ikawa kama mama anaita gatini. Wimbo ulipokwisha tu, radi ikapasua, umeme ukazimika mtaa mzima. Mvua ikapiga hadi alfajiri, naye Jharna hakufumba jicho.

Asubuhi alimkuta Prodyut ngazini, ameloa. Wakakaa pamoja, mkono ndani ya mkono, mpaka hatua nzito zikapanda. Nimai! Tope magotini, samaki mkononi.

"Nilishafungua kamba nivuke," alisema, "redio ya muuza chai ikaanza kuniita. Mtu akiitwa nyumbani hasukumi mashua. Nikafunga tena, dhoruba ikanikuta gatini." Akamgeukia Prodyut. "Mtangazaji alitaja jina lako. Ni wewe uliyeniita?"

"Ndiyo, kaka."

"Wimbo ule huimbwa na watu wa nyumbani tu." Nimai akamtupia samaki. "Basi, mtu wa nyumbani, harusi lini?"

"Mwulize kwanza kama anajua kupara samaki," alisema Jharna, akilia na kucheka.