Chembe Tatu Katika Milioni

Foleni ya ofisi ya vifurushi siku hiyo ilikuwa ndefu kiasi kwamba walioingia vijana walifika dirishani na mvi. Katikati yake alisimama mkemia mmoja, gauni la kijani, koti la maabara begani likiwa na tundu lililotobolewa na asidi, kiboksi kifuani. Jamaa mwenye haraka akampiga kikumbo. Kiboksi kikaruka, na mwanamume wa nyuma akakidaka kwa mkono mmoja.

"Umebeba nini, dada? Mayai?"

"Miaka minne ya maisha yangu. Nirudishie taratibu."

"Mbona miepesi hivi?"

Mkemia alicheka, na mashahidi wanaapa kwamba mzani wa ofisi uliruka gramu mbili. Mwanamume akasoma anwani, akatoa macho. "Hiki kinakuja kwangu!" Kweli, alikuwa mpimaji wa metali katika maabara ya upande wa pili wa jiji. Wenzake walimwita Nukta, maana hata sukari ya chai aliiomba kwa desimali.

Miezi minane simu zao hazikupoa.

"Umekula, kipenzi?"

"Bado. Kichocheo changu kina wivu."

"Hicho kichocheo hasa ni nini?"

"Mshenga. Anawaunganisha wawili wasiotakana, kisha anaondoka vilevile alivyokuja, hata soda hadai."

Wakemia wengine waliunganisha molekuli za namna hiyo kwa paladi, metali ghali kama dhahabu ya bibi harusi. Yeye alikuwa na unga wa bei poa ulioifanya kazi ileile peke yake. Ikithibitika, dawa nyingi zingeshuka bei, naye Profesa wake angempa maabara yake mwenyewe.

"Na mimi nitakuoa lini?" Nukta aliuliza.

"Nikipata maabara, jibu ni ndiyo. Kwa sasa nimeolewa na chupa."

Jarida la kisayansi alilolipelekea makala lilidai jambo moja tu: kipimo kuonyesha kwamba hakuna paladi iliyojipenyeza kwenye chupa. Sampuli ya mchanganyiko wa chupani, si unga mtupu wa kile kiboksi, ikaenda kwa Nukta, karatasi ikarudi na muhuri: *Paladi: hakuna.* Mkemia aliibusu ile karatasi. Makala ikatoka, Profesa akamwonyesha chumba cha maabara, dada yake mkemia akashona gauni la harusi kabla hata ya kuulizwa.

Kisha ikaja barua ya upole kutoka kwa wakemia wa nchi nyingine. Walijaribu mara kumi na moja. Chupa zililala tu, hakuna kilichoungana. Akarudia mwenyewe, kwa chupa mpya na sumaku mpya ya kukorogea. Kimya. Akachukua ile sumaku yake ya zamani, kidude cheupe kama kidonge chenye mikwaruzo ya kijivu, iliyokuwa imezunguka miaka mingi kwenye paladi ya watu wengine. Dakika arobaini, mmenyuko umekamilika, molekuli zimeungana.

Akakaa sakafuni. Unga wake haukuwahi kufanya chochote. Ni uchafu wa paladi kwenye ile mikwaruzo uliofanya kazi. Hilo liliuma, lakini lililofuata lilichoma: sampuli ya jarida ilitoka kwenye chupa iliyokorogwa na sumaku hiyohiyo. Sasa Nukta aliona nini?

Akapiga simu.

"Naam, roho yangu."

"Ile sampuli ya jarida. Mashine ilisomaje?"

"Si nilikuandikia..."

"Sikuulizi uliandika nini."

"Chembe tatu katika milioni."

"Ulipima mara ngapi?"

"Tano. Nikiomba ishuke."

"Ukaandika hakuna."

"Ulisema ukipata maabara utanikubali! Chembe tatu, mpenzi! Nikasema, nani atajali?"

"Mimi! Ungeniambia siku ile ningelia wiki nzima, nikatupa sumaku, nikaanza upya. Umeniacha nisimame mbele ya watu nitangaze uongo kwa jina langu, huku ukiniuliza nimekula."

"Sikia, hakuna anayejua. Namba za kwenye mashine naweza kuzifuta."

Mkemia aliitazama simu kana kwamba imemng'ata. Akaikata.

Asubuhi iliyofuata aliiondoa makala jaridani mwenyewe. Maabara akapewa mwingine. Alipotoka kwa Profesa alimkuta Nukta kwenye korido, suti ya bluu, tai imekaa upande, macho mekundu.

"Sikufuta," alisema. "Nimempelekea bosi namba zote. Amenifukuza."

"Umefanya vizuri."

"Basi tuoane. Huna maabara, sina kazi. Hakuna wa kumringia mwenzake."

Kidogo acheke, na hasira ikamzidi kwa sababu hiyo. "Bado nakupenda, bwana wee, na ndilo linaloniudhi. Lakini nikikuuliza unaumwa, utasema hapana. Nikikuuliza nimekosea, utasema hapana. Nitaishi vipi na mume ambaye kila jibu lake lazima nilipeleke kupimwa?"

"Nitabadilika."

"Badilika. Ila usibadilike mbele yangu."

Alimnyoosha tai, taratibu, kama mtu anayefunga mzigo wa msafiri. Nukta akashuka ngazi bila kugeuka.

Mkemia akarudi kwenye meza yake, akafungua daftari jipya, akaandika tarehe. Chini yake, kwa wino usiofutika: *Mmenyuko haukufanyika.* Akatia sahihi.