Ombi Ambalo Kompyuta Ilikataa

Chwaa, chwaa. Kabla ya adhana ya alfajiri, Shamsa aliamshwa na sauti aliyoizoea. Bibi yake, Mwanasiti, alikuwa akichana miyaa ya kusukia mkeka.

"Mke mwenzangu, umeamka?"

"Shikamoo, Bibi," Shamsa alijibu bila kucheka.

"Marahaba. Mbona sauti imenuna?"

Mabibi wengi wa kijiji cha Kirongwe huwatania hivyo wajukuu wao wa kike. Lakini nyumbani kwao jina lile lilikuwa la Shamsa peke yake, mpaka juzi Bibi alipomwita hivyo Angela.

Angela alikuwa binti wa muuguzi wa zahanati, nao walikuwa wametoka bara kuja kisiwani. Alisoma darasa moja na Shamsa. Mwalimu Zubery alikuwa akiwaongoza wanafunzi kuandika kitabu cha mikeka ya kijiji kwenye kompyuta ya shule, na Jumamosi kingepelekwa kwenye maonyesho Kilindoni. Kwa ajili ya ukurasa wake, Angela alikuja kwa Bibi jioni tatu mfululizo. Aliuliza, akasuka, akakosea, akacheka. Bibi akamtilia chai katika kikombe cha buluu, kikombe cha Shamsa!

"Huyu mtoto ana mkono mwepesi," Bibi alisema. Maneno hayo yalimkaa Shamsa kooni kama mwiba wa samaki.

Asubuhi hiyo aliwahi shule kuliko wote. Programu waliyotumia ilitunza kila toleo la kitabu, pamoja na jina la aliyeliandika, ili mtu akikosea aweze kurudi nyuma. Shamsa alichagua toleo la Angela, akabonyeza "Futa".

Maandishi yakatokea: "Ombi hili haliwezekani. Toleo hili ni la Angela. Anayeweza kulifuta ni yeye au mwalimu. Tena limeungana na ukurasa wako. Hakuna kilichobadilika. Ukiona kosa, mwandikie Angela hapa."

Akabonyeza tena kwa nguvu. Yakaja maneno yale yale, bila kufoka.

"Limeungana na ukurasa wangu vipi?" alijiuliza. Akaufungua ukurasa wa Angela, akasoma mpaka chini. Mstari wa mwisho ulisema: "Aliyenisimulia haya ni Bibi Mwanasiti. Siku ya kwanza vidole vyangu vilikataa kabisa, Shamsa akanishika mkono akanionyesha. Tazama picha ya msala wa kuswalia aliousuka yeye, kwenye ukurasa wake, wa pili."

Shamsa alikuwa amesahau kwamba alimshika mkono. Angela hakusahau.

Kisha akaona pembeni: "Maombi yaliyokataliwa: Shamsa, mara mbili." Mlango ukafunguliwa.

"Shamsa, mapema yote hii?" Mwalimu Zubery aliuliza, akitazama kioo cha kompyuta.

Angeweza kusema kidole kiliteleza. Mara mbili? Akainamisha kichwa. "Nilitaka kufuta kazi ya Angela, Mwalimu. Nilimwonea wivu."

Mwalimu alivuta kiti, akaketi. "Umesema kweli, vizuri. Sasa ukamwambie mwenyewe. Hilo siwezi kukufanyia mimi."

Jioni, Angela alipokuja, Shamsa alisema yote mbele ya Bibi. Angela aliweka chini ukili, ule utepe wa mkeka aliokuwa akiusuka.

"Kwani nilikukosea nini?"

"Bibi alikuita mke mwenzangu."

"Sikujua kama ni jina lako." Machozi yalimlengalenga. "Bibi yangu yuko Bukoba. Sijamwona mwaka wa tatu huu. Nilifurahi tu kuitwa."

Shamsa alimsogelea. "Nisamehe, Angela."

"Nimekusamehe. Ila usirudie, bwana! Nimeandika siku nne nzima."

Bibi akaacha kusuka. "Hebu niambieni. Hiyo kompyuta ilimtukana mjukuu wangu?"

"Hapana, Bibi," Shamsa alisema.

"Iliharibu kitu?"

"Haikugusa kitu. Ilinieleza kwa nini haiwezekani, ikanionyesha la kufanya."

"Basi aliyeitengeneza kalelewa vizuri," Bibi alisema, na wote watatu wakacheka. Kisha akamvuta Shamsa karibu. "Nami nitakujibu vivyo hivyo. Ulitaka nimpende mtoto mmoja tu. Ombi hilo, mwanangu, haliwezekani. Lakini kwako hakuna kilichopungua, hata chembe. Wivu humshika kila mtu, hata mimi mzee. Ukikushika, usiende kuharibu kazi ya mwenzako, maana kazi yako nayo imo humo humo. Njoo uniambie mimi. Na leo umesema kweli wakati uongo ulikuwa mlangoni, hilo nimeliona."

Jua lilipoanza kuzama, Angela alifunga daftari lake. Shamsa alikiosha kikombe cha buluu, akakifunika juu ya kabati, akamsindikiza mpaka barabarani.

"Angela," alisema, "kesho uje tena. Chai nitakutilia mimi."