Makovu Meupe

"Usiguse chochote. Tazama tu."

Mkuu wake wa London akakata simu. Non Prydderch akatoka kwenye kibanda cha simu, akafunga koti juu ya bastola yake ya Browning, akapanda kilima kurudi kwenye jiko la wagomaji.

Ilikuwa wiki ya thelathini ya mgomo. Serikali ilitaka kufunga mgodi wa makaa ya mawe wa bonde la Cwm Helyg. Wachimba makaa wakaapa kwamba haufungwi ng'o. Non, jasusi wa serikali kutoka London, mwenyewe binti wa mchimba makaa wa bonde la jirani, alikuwa akiwapikia supu huku akiwachunguza.

Kazi chafu, na alijua.

"Mwanangu, ukinuna hivyo supu itachacha!" Mama Mair, mkuu wa jiko na mwenye nyumba wake, alimcheka. "Babu zangu waliandamana kwa ajili ya mkate, bibi yangu kwa ajili ya kura, sasa mimi kwa ajili ya makaa. Serikali hazichoki kutupa sababu!"

Foleni ikasogea. Akafika Des, mgeni wa wiki mbili, bingwa wa maneno makali. Glavu zake, ambazo hakuzivua hata siku moja, leo zilikuwa zimelowa mvua. Alizianika karibu na jiko.

"Supu mpaka lini?" akafoka. "Basi la wasaliti wanaovunja mgomo linapita darajani saa saba mchana, na wanaume tunalitazama tu!"

"Ulichimba wapi wewe?" Non akamuuliza.

"Kaskazini. Miaka kumi na mitano, dada."

Akanyoosha mikono kupokea bakuli.

Non akaganda.

Makovu tele. Yote meupe.

Mchimba makaa akijikata, vumbi huingia kwenye jeraha, na kovu hubaki la buluu hadi kaburini. Baba yake Non alizikwa na ya kwake. Mtu huyu hakuwahi kushuka shimoni hata siku moja.

Saa sita na nusu Des akatoka na begi. Non akamfuata hadi chini ya daraja. Juu, wagomaji sitini walikuwa wakiimba. Chini, Des alikuwa akiunganisha nyaya za bomu la kulipuka lenyewe basi likipita.

Non akatoa redio ya mawasiliano kwenye koti, akabonyeza.

"Mkuu, kuna bomu darajani."

Sauti ile ya simuni ikajibu.

"Tunajua. Rudi jikoni."

Kumbe! Basi lingelipuka, wagomaji wangelaumiwa, jeshi lingeingia bondeni, na nchi nzima ingesema waliyataka wenyewe. Akazima redio, akachomoa bastola.

"Tegua."

Des akageuka, akatabasamu. "Mkuu wetu ni mmoja, dada. Huwezi kunipiga risasi."

"Kweli, siwezi. Ila ukikimbia nitaweza. Tukae, tulingoje basi pamoja."

Akaketi juu ya jiwe, mtutu ukimwelekea Des kifuani.

Mngurumo ukasikika mbali. Ukakaribia. Vijiwe vikaanza kutetemeka.

"Una wazimu wewe!"

Des akang'oa nyaya, jasho likimtiririka.

Basi likapita juu yao. "Wasaliti! Wasaliti!" wagomaji wakazomea kwa nguvu zote. Hakuna aliyekufa.

Non akampandisha Des darajani, akalibwaga begi mbele ya mpigapicha wa gazeti aliyekuja kuwapiga picha wagomaji.

"Huyu alitumwa awaue wa basini na kuwasingizia ninyi. Najua, kwa sababu aliyemtuma ndiye aliyenituma mimi."

Mama Mair akajipenyeza mbele, bado na aproni yake.

"Wewe? Niliyekupa kitanda cha mwanangu nyumbani kwangu?"

"Ndiyo, Mama."

"Nilikumegea mkate wangu, Non." Machozi yakamlengalenga. "Umetuokoa, ahsante. Sasa nenda. Nisikuone tena."

Ilimuuma kuliko risasi. Non akafunga vifungo vya koti, akashuka kilima. Chini, Ford nyeusi ya wakubwa wake wa London ilikuwa ikimngoja, injini ikinguruma, mlango wa nyuma wazi.

Akaiendea bila kupunguza mwendo.