Maji ya Kwanza ya Uso wa Narae

Jua lilikuwa limeshazama nyuma ya mlima nilipotoka na kibakuli kwenda kuchota maji ya uso ya binti yangu. Mitungi yetu iko uani, juu ya mawe. Wa kwanza una soya, wa pili pilipili ya kusaga, na wa tatu una maji ya jinseng, mzizi wetu wa dawa, niliyoyachachusha mwenyewe. Shingoni mwa mtungi huo nilifunga kamba ya majani ya mpunga, nikachomeka pilipili nyekundu na vipande vya mkaa, kama tunavyofanya hapa Geumsan ili kibaya kisiingie.

Nilisikia kabla sijaufikia.

Pa... pa... pa...

Sauti ya mtu anayejipigapiga mashavu kwa viganja vilivyolowa. Ilitoka mtungini.

Narae ana miaka ishirini na tatu. Homa ilimshika theluji ilipoanza kuyeyuka, na ilipomwachia, ngozi yake ilikuwa imekauka kama karatasi tunayobandika madirishani. Akicheka, mashavu yanapasuka na kutoa damu. Akaacha kucheka. Baadaye akaacha na kula, maana hata kufungua mdomo kulimchana. Madaktari walitupa malhamu za kila rangi. Mwanangu alishinda chali akirudia neno moja tu: "Mama, ngozi inanibana." Nilikuwa namwona anakwisha hivi hivi, mbele ya macho yangu.

Bibi Gapsun, ambaye amechimba jinseng ya mwituni miaka hamsini, ndiye aliyenionea huruma.

"Mafuta hayaingii pakavu, Mama Narae. Maji kwanza. Chachusha jinseng. Akishanawa, asijifute. Kabla ya kitu kingine chochote, matone matatu, umpigepige mpaka ngozi inywe."

"Nachukua ya shambani?"

"Ya shambani upikie kuku! Twende mlimani."

Tulikwenda wanawake wanne. Tukamwagia mwamba pombe ya mchele, tukauwekea samaki mkavu, tukatawanyika. Kila mtu kwetu anajua kwamba ukiuona mzizi, unapiga ukelele mara tatu: "Simbwatda!" Yaani nimeuona. Mlima usikie kinachochukuliwa. Wenzako nao wasikie, maana mkienda pamoja mnagawana.

Mimi nikauona. Shina lenye tunda jekundu, peke yake chini ya kivuli.

Mzizi ulikuwa mmoja, nasi tulikuwa wanne. Nikaumeza ule ukelele. Nikachimba kwa vidole kimya kimya, na ulipotoka ulikuwa na mikono miwili, miguu miwili, na mahali pa kichwa palikuwa na kichwa. Nikauficha kifuani. Ulikuwa wa moto.

Siku arobaini ulichacha na wali na hamira. Jioni ya kwanza nilipompaka, Narae alifumba macho akasema, "Mama, inakunywa." Jioni ya saba alicheka, na shavu halikupasuka. Nilikaa sakafuni nikalia kama mtoto. Kwamba maji hayapungui mtungini, nililiona. Nikajifanya sikuliona.

Sasa nilikuwa nimesimama hapo, sikio langu karibu na kifuniko. Harufu ya udongo mbichi...

"Mama... ngozi inanibana," ikasema sauti mtungini.

Kibakuli kikaniponyoka. Na nyuma yangu, ndani ya nyumba, Narae alikuwa anaicheka televisheni.

Bibi Gapsun alikuwa anapita na kikapu chake cha mboga. Akaingia uani. "Kulikoni? Umevunja vyombo, na huna mume wa kugombana naye?"

Nikamshika mkono, nikalisogeza sikio lake kwenye mtungi. Utani ukamwisha palepale.

"Ulipiga ukelele?" akanong'ona.

Nikainama kuokota vigae vya kibakuli.

"Mwanangu, ulipiga au hukupiga?"

"Sikupiga."

Akakaa chini, kwenye vigae. "Mlima ukisikia, unaachilia. Usiposikia, unaona tu mtoto wake hayupo. Unakuja kuchukua mwingine."

"Basi yule wa ndani ni nani?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye uliyezaa." Akanivuta karibu. "Piga sasa. Mara tatu. Mlima utachukua wake, wako atabaki."

Nikaugeukia mlima. "Simbwatda!"

Mtungi ukanyamaza.

"Simbwatda!"

Mlango ukafunguka. Narae akatoka barazani, uso unang'aa kwa maji. Alipokuwa na miaka mitano alianguka kwenye mawe haya, akapata kovu kidevuni. Nililitafuta kovu lile. Halikuwepo. Lakini maji yale si yanaponya ngozi? Si ndiyo kazi yake?

"Mama, unamfukuza nani?" akauliza, na machozi yakamtiririka. Mashavu yale, machozi yanatiririka! Miezi mingapi nimeomba nione hivyo?

Wa tatu sikuupiga.

Sasa majani ya mlimani yamekuwa mekundu. Bibi Gapsun hapiti tena kwetu. Kila jioni nachota maji ya mmoja, na mwingine ananiita mama wakati nikichota. Mtungi sijaufungua zaidi ya upana wa kata. Naogopa nitamwona, na nikimwona nitajua.

Jana Narae alinawa, akakaa mbele yangu, akanisogezea shavu. Akaninong'oneza:

"Bado analia kule mtungini?"

Habari ya sauti ile sijawahi kumwambia.

Nikasimama. Nikaugeukia mlima, nikafungua mdomo kwa ukelele wa tatu. Midomo ikapasuka. Nikaonja damu. Mashavu yangu yalikuwa yamekauka, yananibana mpaka masikioni, na sauti haikutoka.

Narae akachukua kibakuli, akachovya vidole.

"Kaa, Mama," akasema kwa upole. "Nikupake."

Nikakaa.