Jani Geni Kwenye Kapu Namba Saba

Hutaamini, lakini kuna msichana aliuhamisha mti mzima kwa mfuko wa karatasi. Sikiliza ilivyokuwa.

Walimwita Chapchap kwa sababu polepole hakuijua. Kila Jumamosi asubuhi mama yake, fundi cherehani, alimfokea: "We mtoto, hata chai unaikimbiza?"

"Mama, nachelewa msituni!"

Pembeni ya mji wao kuna kituo cha utafiti. Kwa miaka thelathini na moja kituo hicho kimekuwa kikifanya kazi moja ambayo ukiisikia mara ya kwanza unacheka: kupima uzito wa majani yanayodondoka. Kila wiki, bila kuruka. Ukilinganisha miaka na miaka, unajua kama msitu una afya au unaumwa. Muhula ule kituo kilikuwa kinawafundisha wanafunzi sita kazi hiyo, na wawili watakaofanya vizuri wangekaa kituoni likizo nzima kujifunza zaidi. Chapchap aliitaka nafasi hiyo mpaka akawa anaiota.

Alipewa makapu kumi ya wavu yaliyosimamishwa chini ya miti. Unakusanya majani ya kila kapu kwenye mfuko wake wa karatasi, unaandika namba, unapeleka kituoni. Wiki kumi na moja hakukosa kapu hata moja.

Wiki ya kumi na mbili, kapu namba saba alilikuta chini, kifudifudi, tupu. Nyani walikuwa wamelipindua. Utaratibu aliujua: unaandika "limepinduka" na mfuko unauacha bila kitu. Lakini njiani akakutana na mwenzake, Mrefu, anatoka kwenye makapu yake.

"Mimi yote kumi yamejaa," Mrefu akajitapa. "Wewe je, bingwa?"

"Yangu pia," Chapchap akajibu kabla hajafikiri.

Basi, ikabidi yajae. Njia yao ilipita nyuma ya shule. Akamwacha Mrefu atangulie, akainama kama anafunga kamba za viatu, akazoa majani konzi mbili, akayatia kwenye mfuko namba saba.

Jumatatu jioni msimamizi wa kituo akawaita wote sita. Wenyewe walimwita Bi Mizani, maana hakuna kitu asichokipima. Mkononi alikuwa na jani moja.

"Kapu namba saba alilikusanya nani?"

Chapchap akanyoosha mkono. "Mimi, mwalimu."

"Njoo nikupe mkono! Jani hili halijawahi kuingia kwenye makapu yetu. Miaka thelathini na moja! Humu msituni kuna mti hatuujui!"

Wenzake wakapiga makofi. Mrefu akamnong'oneza, "Umetuacha mbali. Nafasi ya likizo ni yako."

Kesho yake, baada ya shule, wote wakaingia msituni kuutafuta mti. Mpanda miti wa kituo, mzee mwenye mikono kama gome, akapanda miti minne. Kila akishuka magoti yamechubuka zaidi.

"Wapi!" akasema. "Huko juu nimeonana na siafu tu."

"Kesho tutaleta watu kumi," Bi Mizani akasema. Akafungua daftari kubwa, akatoa kalamu. "Lakini jani nalisajili leo, na jina lako, Chapchap."

Chapchap akaitazama kalamu inashuka kwenye karatasi.

"Mwalimu, usiandike." Sauti ilitoka nyembamba. "Huo mti... uko nyuma ya choo cha shule."

Mpanda miti akaangua kicheko mpaka akakaa chini. Bi Mizani hakucheka.

"Kapu ulilikutaje?"

"Limepinduka. Nikaona aibu kulileta tupu."

"Pengo halinisumbui, mwanangu. Daftari hili lina mapengo ya mafuriko, ya magonjwa, ya nyani. Nikiona pengo, najua kwamba hapa hatujui. Lakini kipimo cha kubuni kinafanana na cha kweli. Nikishakiandika, hata mimi nitakiamini. Sasa niambie, zile wiki zako kumi na moja nitaziaminije?"

Hapo ndipo Chapchap alipolia.

Bahati nzuri, majani hutunzwa kituoni muhula mzima. Siku nne mfululizo, baada ya masomo, wakakaa wawili wakachambua mifuko mia moja na kumi, jani kwa jani. Hawakukuta jani geni. Bi Mizani akaziacha wiki zile daftarini. Kwenye wiki ya kumi na mbili akaandika: "Kapu namba saba limepinduka."

Nafasi za likizo walizipata Mrefu na mwenzake mwingine. Chapchap aliambiwa aanze upya muhula ujao, kama bado anataka.

"Nataka, mwalimu."

"Basi kumbuka hili. Mimi nitastaafu, wewe utakua, daftari litabaki. Atakayelisoma hatatujua sura. Atakuwa na maandishi yetu tu. Andika ulichokikuta."

Ila mimi kuna kitu kinanisumbua. Kama Chapchap angeokota majani ya humohumo msituni, nani angejua? Bi Mizani alilijua hilo, na bado akaziacha zile wiki kumi na moja. Ungekuwa wewe umeshika ile kalamu, ungefanyaje?