Kitabu Ambacho Kila Mtu Amekisoma

Mwenyekiti wa jukwaa la wasomaji alikutwa amelala kifudifudi chini ya vitabu vyake. Rafu nzima ilikuwa imemwangukia mgongoni, na kilichoonekana ni miguu tu, soksi moja imetoboka kwenye kidole gumba.

"Ajali," alisema Sajini, akifunga kalamu yake. "Mzee kavuta kitabu, rafu ikamfuata. Twende zetu."

Sajini alikuwa na kipaji cha kumaliza kesi kabla haijaanza. Inspekta, mama wa makamo aliyekuwa na kipandauso tangu asubuhi, alivaa glavu, akachutama, akainua kitabu kimoja kilicholala juu ya dimbwi la damu pembeni ya kichwa cha marehemu.

Kitabu kilikuwa kisafi. Hakikuwa na hata tone.

"Sajini, njoo uone. Damu hii ilikuwa imeshakauka kitabu kilipoiangukia."

"Labda ni kitabu kisichonyonya, afande."

Daktari wa uchunguzi wa maiti alikuja, akapima, akatikisa kichwa. "Amepigwa kisogoni na kitu kizito chenye kona. Ni jana mchana, au alasiri kidogo. Rafu imemkuta ameshakufa."

Juu ya meza kulikuwa na kipande cha chuma cha kuzuia vitabu visianguke, zawadi ambayo mzee alipewa na matbaa siku aliyostaafu kazi ya kusahihisha vitabu. Kipande kilikuwa kimoja. Upande wa pili wa meza, palipotakiwa kuwa na pacha wake, vumbi lilikuwa limeacha alama ya mraba.

"Basi ni binti yake," alisema Sajini bila hata kupumua. "Majirani walimsikia jana asubuhi akipiga kelele kwamba atavichoma vitabu vyote. Na yeye ndiye aliyesema amemkuta. Nimeshamfunga pingu, yuko garini."

Inspekta alifumba macho. Alihesabu kimyakimya, kama alivyofundishwa kufanya badala ya kumzaba mtu kibao.

Kituoni mambo yalikuwa mabaya zaidi. Mkuu wa kituo alikuwa ameshawaambia waandishi wa habari kwamba mtuhumiwa amepatikana.

"Kesho asubuhi anafikishwa mahakamani," alisema. "Kama una mwingine, niletee leo. Kama huna, usinisumbue."

Binti alikuwa amekaa kwenye benchi la mahabusu, mikono kifuani. Blauzi yake ilikuwa imelowa maziwa.

"Mtoto yuko wapi?" aliuliza Inspekta.

"Kwa mama mkwe. Hajui chupa, afande. Wamejaribu, anaitema."

"Ulisema utavichoma vitabu vya baba?"

"Kila siku nasema! Mtoto ameanza kutambaa, na vitabu vimejaa mpaka bafuni. Kila siku ananijibu, 'Choma, mwanangu, ila anza na vile vibaya.' Halafu tunakunywa chai."

"Jana mchana ulikuwa wapi?"

"Kliniki, na mtoto. Foleni ya chanjo, halafu nikalala kwa mama mkwe mpaka leo asubuhi. Nani anakumbuka sura ya mtu kwenye foleni ya kliniki?"

"Baba alikuwa na adui?"

Binti aligeuza macho. "Baba? Anaamka, anasoma, anaingia kwenye simu kubishana na wasomaji wenzake. Hilo jukwaa lao ndilo lenye kelele. Ukitafuta ugomvi, nenda huko."

Inspekta akaenda huko. Alikaa na simu ya marehemu, akasoma, na kipandauso kikaongezeka. Lilikuwa jukwaa la mtandaoni la watu kupendekezana vitabu. Huyu anauliza kizuri ni kipi, yule anajibu, wa tatu anasema wote hawajui kusoma. Wiki hii nzima walikuwa wanagombania kitabu kimoja: *Dirisha la Shangazi*. Mwenyekiti alikipendekeza Jumatatu, akaweka picha ya jalada, akaandika kwamba kimemliza. Tangu hapo hakuna aliyelala.

Aliyekuwa anapiga kelele zaidi ni Mama Kurasa, msaidizi wa Mwenyekiti, fundi cherehani. Alimpokea Inspekta na pini mdomoni.

"Mara ya mwisho ulimwona lini marehemu?"

"Mzee wa watu! Alinipendekezea kitabu kizuri, afande, wacha tu."

"Nimeuliza lini."

"Kinahusu shangazi mmoja hivi, mjane."

"Mama!"

"Usinikaripie, mwanangu, nina pini mdomoni. Nilimwona juzi sokoni. Jana nilikuwa hapa kutwa, nashonea maharusi. Waulize, wako sita na wote hawajaridhika."

Waliulizwa. Walithibitisha, na kweli hawakuridhika.

"Hicho kitabu unacho?" aliuliza Inspekta akiwa mlangoni.

"Nimeazimisha," alisema Mama Kurasa, haraka kidogo.

Wa pili alikuwa daktari wa meno, mtu mrefu ambaye jukwaani hakuwahi kukubaliana na mtu.

"Marehemu na mimi tulitofautiana," alikiri. "Mimi naona sura za katikati zinachosha. Na yule shangazi anaongea sana."

"Jana alasiri ulikuwa wapi?"

"Hapa, nang'oa gego. Lakini hebu niambie wewe mwenyewe, afande, mtu na akili zake anaweza kumsamehe mwanamume kama yule? Baada ya alichomfanyia shangazi?"

"Sijakisoma."

"Hujakisoma?" Alimtazama kwa huruma ya kweli, kana kwamba ameona jino bovu. "Pole sana."

Mwenye gego alithibitisha, kwa upande wa mdomo usiokuwa na ganzi.

"Nakala yako iko wapi?"

"Nilisomea kwenye simu. Nikafuta."

Inspekta alitoka akiwa amekunja uso. Kuna mwanamke yuko mahabusu na maziwa yanamwagika, na hawa wanamsamehe au hawamsamehe mume wa shangazi! Akasema basi, ngoja nikitafute hicho kitabu nikisome, labda nitaelewa wanachogombania mpaka mtu anauawa.

Muuza vitabu alikuwa amekaa kwenye kigoda, amechoka kuliko yeye.

"Wewe pia? Wiki hii wamekuja wengi. Kila mmoja anasema ameshakisoma, anataka tu kukirudia. Mimi niko kwenye kazi hii tangu nina nywele. Sijawahi kukiona, na wasambazaji wangu hawajawahi kukisikia."

Inspekta alirudi nyumbani kwa marehemu. Aliingia jikoni kutafuta maji ya kumezea dawa ya kichwa. Akafungua bomba, akanywa, akainua macho.

Dirisha la jikoni lilikuwa la kijani. Kioo cha kushoto kilikuwa na ufa uliobandikwa karatasi ya gundi, na wavu wa mbu umejikunja kwenye kona kama sikio la mbwa. Alitoa simu ya marehemu, akafungua picha ya jalada. Dirisha la kijani. Ufa. Sikio la mbwa.

"Mzee wewe," alisema peke yake.

Mwenyekiti alikuwa amepiga picha dirisha lake, akaandika jina juu, akawarushia. Kitabu hakikuwepo. Hakikuwahi kuandikwa. Jukwaa zima lilikuwa limekisoma, limekilia, limekichoka katikati.

Hakumwambia mtu. Hata Sajini. Hasa Sajini.

Alibakisha mmoja wa kuhoji: mtu ambaye jukwaani walimwita Profesa. Jana asubuhi alikuwa ameandika sifa ndefu kuliko za wote, akimsifu mwandishi kwa kalamu iliyokomaa. Kazi yake ya kila siku ilikuwa ukarani wa mizani kwenye ghala la nafaka. Aliletwa kituoni na tai yake shingoni.

"Mara ya mwisho ulionana lini na marehemu?"

"Mwezi uliopita, kwenye mkutano wetu wa wasomaji."

"Na simu?"

"Hatukuwa watu wa kupigiana. Tulikuwa watu wa kuandika."

Jibu fupi! Inspekta nusura amshukuru.

"*Dirisha la Shangazi*," alisema. "Unayo nakala? Wenzako wote wamekisoma, na hakuna hata mmoja mwenye nacho."

Profesa alitabasamu, kile kitabasamu cha mtu anayejua unachotaka kusema. Kila mtu mwingine alikuwa amebabaika kwenye swali hili. Yeye akaegemea kiti.

"Afande, baina yetu. Kitabu hicho hakipo."

"Hakipo?"

"Ulikuwa mchezo. Mimi na Mwenyekiti tuliupanga tangu mwanzo, tuone nani anasoma kweli na nani anapiga domo. Usidhani mimi ni kama wale."

Sajini, aliyekuwa anasinzia pembeni, aliinua kichwa. "Hakipo? Mbona mimi mke wangu kasema..."

"Nyamaza, Sajini." Inspekta aliisogeza simu ya marehemu mezani. "Profesa, mliupanga tangu mwanzo?"

"Tangu mwanzo."

"Basi nisaidie. Jana saa sita mchana ulimwandikia Mwenyekiti pembeni, wenzako wasione. Nisome? 'Mkuu, nikumbushe jina la yule shangazi, limenitoka ghafla.'"

Kitabasamu kiliisha.

"Mtu aliyetunga mchezo anauliza jina la shangazi asiyekuwepo?"

"Nilikuwa... natania."

"Unamtania nani, na mlikuwa wawili tu? Jana saa sita ulikuwa bado unaamini kuna kitabu. Leo unajua hakipo. Muuza vitabu hajui, anadhani hakijamfikia. Mama Kurasa amekiazimisha. Daktari wa meno amenipa pole. Aliyejua ni mmoja tu, na jana alasiri alikuwa ameshakufa. Hamkupigiana simu, umesema mwenyewe. Ujumbe wako hakuujibu. Alikuambia wapi?"

Profesa alilegeza tai.

"Sajini," alisema Inspekta, "nenda kwenye ghala la nafaka. Tazama kwenye mizani."

Sajini aliporudi, kwa mara ya kwanza katika utumishi wake alikuwa amebeba kitu cha maana. Kati ya mawe ya mizani, yaliyopangwa kwa ukubwa, alikuwa amekuta kipande kimoja cha chuma cha mraba ambacho hakikuwa na namba ya kilo. Kilikuwa kimeoshwa vizuri. Lakini mtaalamu wa maabara alipitisha kijiti cha pamba kwenye mchoro wa nembo ya matbaa, kikatoka na wekundu.

Inspekta alimsomea haki zake, akamwonya kwamba kila atakachosema kitaandikwa. Profesa alikataa wakili, akakataa maji.

"Nilikwenda kukiazima," alisema. "Basi. Mama Kurasa alinibana mbele ya watu, ananiuliza mwisho wake nauonaje. Nikasema nitajibu jioni. Nikafikiri, Mwenyekiti atakuwa nacho, nipitie kurasa mbili tatu za mwisho."

"Ndivyo unavyosoma siku zote?"

"Nasoma mwanzo. Nasoma jalada la nyuma. Nasoma wengine wamesema nini. Afande, kutwa nzima mimi napima magunia. Hakuna anayeniuliza naonaje. Kule jukwaani wananiita Profesa. Kesho kuna mkutano, walikuwa wanipe tuzo ya msomaji wa mwaka. Mke wangu anakuja. Baba mkwe anakuja, yule aliyesema binti yake kaolewa na mwenye kuhesabu viroba."

"Mwenyekiti akakuambia nini?"

"Alicheka. Akanipeleka jikoni, akanionyesha dirisha. Alicheka mpaka akakohoa. Akasema mkutanoni atawaambia wote. Nikamwomba asiseme. Tukarudi kwenye vitabu, akageuka kutafuta kitu rafuni, akasema, 'Ndugu yangu, wewe nakuambia wa kwanza, kwa sababu...'"

"Kwa sababu gani?"

"Sijui." Profesa alitazama mikono yake. "Sikumsubiri amalize. Nilichukua kile chuma. Nikakaa pale sakafuni muda mrefu, sijui la kufanya. Halafu nikavuta rafu."

"Na binti yake akakamatwa. Ulijua ananyonyesha?"

"Nilisikia."

"Ukafanya nini?"

"Nilisema nitafikiria kesho, baada ya mkutano."

Inspekta alisukuma kiti nyuma kwa nguvu hadi kikagonga ukuta. Aliweka karatasi za maelezo mbele yake, Profesa akatia saini bila kuzisoma.

Mkuu wa kituo alinung'unika kuhusu waandishi wa habari, lakini alitia saini pia. Mama mkwe alikuwa ameshafika mapokezi na mtoto aliyekuwa amelia mpaka sauti imekauka. Binti alitolewa mahabusu; hakumngoja mtu amfungulie mlango wa kaunta, alipita chini yake. Kwa muda hakuna kilichosikika mapokezi isipokuwa mtoto akimeza.

"Ni nani?" aliuliza binti hatimaye, bila kuinua macho.

"Profesa."

Binti aligeuka polepole. "Yule wa mizani? Hapana, afande. Haiwezekani. Huyo ndiye ambaye baba alikuwa anataka kumwachia uenyekiti."

"Kumwachia?"

"Macho yalikuwa yamemchoka. Wiki iliyopita aliniambia, yule jamaa hasomi hata nusu ya anachokisema, lakini hakuna mwingine anayewafanya watu watake kusoma kama yeye. Alikuwa anatafuta namna ya kumwambia aanze kusoma kweli, bila kumvunjia heshima. Alimwekea vitabu pembeni rafuni, ampe."

Inspekta alimsindikiza binti na mama mkwe hadi kwenye gari, akamwambia Sajini aendeshe taratibu, na asifungue mdomo njia nzima.

Kisha akarudi ndani, akapita korido, akafungua mlango wa chumba cha mahojiano. Profesa alikuwa bado amekaa vilevile, tai mkononi.

Inspekta alivuta kiti, akaketi.

"Mwenyekiti alikuwa anakuambia sababu," alisema. "Nimeipata. Safari hii utanisikiliza mpaka mwisho."