Ngitili Iliyofunguliwa Mwezi wa Tano

Mwili ulikuwa unaelea kifudifudi kwenye josho, na ng'ombe walioletwa kuogeshwa walikuwa wamegoma kusogea. Inspekta Mageni aliutazama akiwa bado na tope la Nyarugusu kwenye viatu, alikotoka asubuhi hiyo hiyo na kesi nyingine. Hakuwa na hamu ya maiti ya pili. Lakini nani alimwuliza?

Marehemu aliitwa Pantaleo, mgeni wa hema la tatu. Shamba la Mzee Jilala, nje kidogo ya Rwamgasa, lilikuwa na mahema manne ya kukodisha. Watu wa mjini walikuja kulala, kukamua ng'ombe, kuonja michembe, viazi vitamu vilivyokaushwa, kisha wakapiga picha na kuondoka. Wiki hii mgeni alikuwa yeye peke yake.

"Atakuwa ameteleza," alisema Paskalia, binti wa mzee, aliyeendesha kambi. "Kila kukipambazuka anatoka. Alisema anatazama ndege."

Daktari alivua glavu. "Kisogo kimepasuka. Mdomoni na puani hakuna dawa ya josho. Tusubiri uchunguzi wa maiti, ila naona alikufa kabla ya kuingia humu."

Mageni alishusha pumzi. Chakula cha mchana ndiyo basi tena.

Konstebo Mwigulu alirudi kutoka hemani na nyundo ndogo na vifuko vitupu vya plastiki. "Afande, ni ndege gani hao wanaotazamwa kwa nyundo?"

Mageni hakucheka. Alizunguka shamba kwa miguu. Mvua zilikuwa zimetoka kuisha na majani yalimfika magotini kila upande. Nyuma ya kilima akaikuta ngitili, malisho yanayozungushiwa miiba na kuachwa hadi kiangazi kikali, ng'ombe wanapokosa kabisa cha kula. Yeye mwenyewe alikua akichunga, na aliwahi kuchapwa na baba yake kwa kumwachia ndama mmoja tu aingie mapema.

Ngitili hii ilikuwa imejaa ng'ombe.

Mzee Jilala alisimama kando, ameegemea fimbo.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nani amefungulia ngitili mwezi wa tano?"

"Ng'ombe wamevunja uzio."

"Miiba imewekwa pembeni, imepangwa vizuri. Ng'ombe wako wana mikono?"

Mzee alihamishia fimbo mkono wa pili.

"Majani yamejaa shamba zima. Umewaingiza humu wakanyage nini?"

Mwigulu aliwaswaga ng'ombe, akafukua pale walipokanyaga zaidi. Chini ya samadi mbichi palikuwa na shimo lililofukiwa upesi, na udongo wenye damu iliyoganda.

Jilala alikaa chini pale pale. Walimwinua, wakampeleka barazani. Mageni alimweleza haki zake, akafungua karatasi ya maelezo ya onyo.

"Nilimkuta anachimba," alisema mzee. "Akanionyesha jiwe. Akasema, mzee, hapa kuna dhahabu, naenda kuomba leseni, utalipwa fidia. Nikamsihi aache. Akacheka. Alipoinama tena nikampiga na jembe. Nikampakia kwenye mkokoteni hadi joshoni."

"Kwa nini hukuja kwetu?"

"Mngenisaidia nini? Neno dhahabu lilipovuma, shamba la baba yangu liligeuka mashimo ndani ya wiki mbili. Hata kaburi la mama sijui liko wapi. Sikuweza kuhama tena, mwanangu. Nimechoka."

Mageni alimwelewa, na hilo lilimuuma kuliko maiti yenyewe.

Mzee alisogea karibu. "Andika tuligombana kwa pombe."

"Utanyongwa kwa hiyo pombe."

"Ninyongwe. Lakini neno lile usiliandike. Likitoka hapa, Paskalia na wanawe hawana pa kukaa."

Kalamu ilisimama muda mrefu. Mageni alitamani kazi hii angepewa mtu mwingine, yeyote yule. Kisha akaandika kama alivyoambiwa mwanzo, dhahabu na yote, kwa sababu alikuwa ameapa na hakujua kuandika vingine.

Sheria ilitaka amsomee. Alisoma jina, umri, jembe, mkokoteni. Alipofika kwenye lile neno alishusha sauti. Mzee Jilala aliweka dole gumba huku machozi yakimtiririka, asiyafute.

Mlangoni, Konstebo Mwigulu alikuwa amegeuza shingo kuelekea kilimani.

"Afande," aliuliza taratibu, "ile ngitili ni ekari ngapi?"